Kuwa Mkuu wa Mkwe Wangu

Afisa elimu kata alikuja saa ya chai, na hilo peke yake lilitosha kunitia wasiwasi, maana mtu yule akiwa na jambo la kawaida huja asubuhi na mapema ili atukute tumechelewa. Alikunywa chai, akasifu mihogo, akamuuliza kila mwalimu habari za nyumbani, kisha akaniomba nimsindikize kwenye pikipiki yake. Pale nje akaniambia kwamba mwalimu mkuu wetu anahamishiwa shule nyingine baada ya likizo, halmashauri inataka jina la mtu wa kushika nafasi, na jina alilolipeleka yeye ni langu. Nikamwambia nitafikiri. Akanitazama kama mtu aliyemkaribisha mgeni chakula, mgeni akauliza kimepikwa na nani. Akanipa muda hadi shule zitakapofungwa, akawasha pikipiki akaenda zake.

Tangu siku ile sikutulia. Mimi si mtu wa kutulia hata nyakati za kawaida. Mke wangu husema nilizaliwa nimesimama. Lakini majuma yale yalikuwa na adha yake. Nilikuwa naanza kusahihisha madaftari, nafika katikati, nayaacha, natoka nje, narudi, nasahau niliishia wapi. Nilikwenda shambani kupalilia mahindi nikajikuta nimesimama katikati ya mistari na jembe mkononi, nabishana na mtu ambaye hayupo. Nikitengewa ugali naulizia maji. Maji yakija, mimi nimeshanyanyuka.

Ukuu niliutaka. Niliseme mapema, asije mtu akanidhania mnyenyekevu. Nilikuwa nimekaa katika shule ile ya kijijini, huku Handeni, miaka ya kutosha kuona kila kilichokuwa kinakwenda ovyo, na katika vikao vya walimu mdomo wangu haukuwa na breki. Paa la darasa la tano lilivuja, nikasema. Wazazi waliwabakiza watoto nyumbani msimu wa kuvuna, nikasema. Anayelalamika sana kuhusu dereva, siku moja hupewa usukani, na mimi nilikuwa nimeusubiri usukani huo kwa hamu niliyoificha vibaya.

Kizuizi kilikuwa kimoja. Katika ofisi ile ile ya walimu, nyuma ya kabati la vitabu, alikaa mama mkwe wangu.

Nilipopangiwa pale nilikuwa kijana mbichi kutoka Dindira, nimezoea ukungu na baridi ya milima ya chai, na jua la Handeni nusura linirudishe kwetu. Yeye ndiye aliyenipokea. Alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, Mzigua wa pale pale, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya bonde. Tulikula mihogo sahani moja. Alinitania kwamba sisi Wasambaa tunaota moto hadi tunasahau kuoga, nami nikamwambia wao Wazigua hupanda mahindi kisha wakawaachia ngedere wavune. Alinifundisha jinsi ya kumtuliza mtoto anayelilia mama siku ya kwanza ya shule. Kisha likizo moja binti yake akarudi kutoka Korogwe alikokuwa akijifunza ushonaji, nami nikaanza kutafuta sababu za kupita pale kwao.

Siku posa ilipokubaliwa na mkaja ukapokelewa, urafiki wetu ulikwisha kwa heshima zote. Hakuna aliyetusomea masharti. Kila mmoja wetu alikuwa ameyajua tangu utotoni. Mtu hali mbele ya mkwe wake. Hampi mkono. Akikutana naye njiani humpisha, akasimama pembeni na kutazama chini, wakaamkiana kwa mbali. Kwa wakwe wanaoishi vijiji viwili tofauti mambo haya hayana uzito, wanaonana kwenye misiba na sikukuu. Sisi tulikuwa na ofisi moja yenye mlango mmoja. Nilipotoka likizo ya harusi nilikuta amehamishia kiti chake nyuma ya kabati, na mimi bila kuambiwa nikaanza kunywea chai yangu nje, nimeegemea ukuta.

Walimu wenzetu walituzoea. Tukiwa na jambo la kazi, tulilipitisha kwa mwalimu wa darasa la nne, dada mmoja mcheshi, ambaye alisimama mlangoni na kusema, "Mkweo anauliza kama chaki zimeletwa." Swali lenyewe nilikuwa nimelisikia kwa masikio yangu. Nami nilimjibu yule dada, "Mwambie zimeletwa," na mama akiwa amesikia kila neno. Wageni kutoka mikoa mingine walituona wehu. Kwetu ilikuwa heshima, na tena ilikuwa raha, maana katika miaka yote ile hatukuwahi kukwaruzana, na ni wakwe wangapi wanaofanya kazi pamoja wanaoweza kusema hivyo?

Sasa fikiria mwalimu mkuu. Huyu ndiye anayekagua maandalio ya masomo. Ndiye anayeingia darasani, akakaa nyuma, akamtazama mwalimu anavyofundisha, kisha akamwita na kumwambia alipokosea. Kazi yake yote ni kutazama, na mkwe amelelewa asitazame. Nilijua wazee wa upande wa mke wangu wangeweza kulizungumza hilo, kikatolewa kitenge na kuku, masharti yakalegezwa kidogo kwa ajili ya kazi. Kama shida ingeishia hapo ningekuwa nimejibu siku ile ile kwenye pikipiki.

Mwaka ule nilikuwa nimepewa darasa la pili, watoto ambao mwaka uliotangulia walikuwa wa mkwe wangu. Kulikuwa na binti mmoja aliyesoma bila kukwama, sauti juu, kifua mbele, na nilimpenda kwa ajili hiyo. Siku moja akiwa anasoma, upepo wa dirishani ukamfunulia ukurasa mwingine. Akaendelea kusoma ule wa kwanza mpaka mwisho, bila kukosea hata neno moja. Nikamwendea, nikaweka kidole juu ya neno "kuku", neno fupi kuliko yote pale, nikamwambia anisomee hilo tu. Alinitazama usoni muda mrefu, akitafuta jibu kwangu.

Nikawajaribu wengine. Karibu nusu ya darasa walikuwa hivyo hivyo, wamekariri kitabu kizima kama watoto wa madrasa wanavyokariri sura, na herufi zenyewe hawazijui. Nilikasirika, maana mimi nakasirika upesi, na hasira yangu ilikuwa inatafuta mtu wa kumwangukia. Ilipomfikia yule wa nyuma ya kabati ikasimama.

Nikaanza kumtazama. Lilikuwa jambo la aibu kwangu, nililifanya kwa kuibia, kupitia dirisha la darasa langu lililoelekea la kwake. Nikaona anavyotembea kati ya madawati huku vidole vikigusa kila pembe. Nikaona mtoto akimpelekea daftari, naye analiinua hadi karibu na uso, kisha anauliza, "Umeandika nini hapa?" Mtoto anamwambia alichotakiwa kuandika, naye anapiga alama ya vema. Nikaelewa na jambo jingine lililonisumbua tangu mvua za kwanza. Mara kadhaa tulikuwa tumekutana kwenye njia ya kisimani, mimi nikapisha hadi kwenye miba, naye akanipita bila kupisha, bila kuniamkia, kichwa juu. Nilidhani nimemkosea. Nilimlalamikia mke wangu kwamba mama yake ameninunia, nikafikia hadi kutuma sukari nyumbani kwake kama maombi ya radhi. Kumbe hakuwa ananiona.

Nilimuuliza mke wangu mchana, akiwa kwenye cherehani barazani. Hakusimamisha mguu. Alisema, "Mama ana presha ya macho," kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya kitambaa, akaendelea kushona hadi mwisho wa pindo. Ndipo akanieleza zile safari zao za Kwamndolwa, ambazo mimi niliambiwa ni za kwenda kumwona mama mdogo. Walikuwa wakilala kwa mama mdogo kweli, lakini asubuhi walikwenda hospitali mjini Korogwe. Daktari alisema kilichopotea hakirudi. Dawa ya matone ilikuwa ya kulinda kilichobaki, na kilichobaki kilikuwa kidogo.

Nikamwambia habari ya watoto wangu wa darasa la pili. Akasema mama amebakiza muda mfupi astaafu, nimwache amalize salama. Nikasema watoto nao wanamaliza, wanamaliza bila kujua kusoma. Sauti yangu ilipanda, majirani wakageuka. Ndipo aliposimamisha cherehani.

"Kataa huo ukuu," akasema. "Aje mtu baki amwambie. Akimwambia mtu baki nitakuja kulia kwako. Ukimwambia wewe, nikalie kwa nani?"

Mtu kama mimi akibanwa huondoka. Jumamosi ile nilipanda pikipiki nikashuka hadi Korogwe, nikashika barabara kuu ya Moshi, huku mkonge huku milima ya kwetu, nikaenda hadi Mkumbara kwa rafiki yangu wa chuo ambaye alikuwa mwalimu mkuu siku nyingi. Nilimkuta kwenye eneo la shule, siku ya mapumziko, anasimamia wananchi walioitwa kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kuchimba shimo la choo. Nusu yao walikuwa wamekaa juu ya udongo wakiwaambia wenzao wachimbe upande gani.

"Mkubwa ni jalala," aliniambia kabla sijashuka vizuri. "Kila mtu anakuja kutupa taka zake. Mimi tangu niwe mkuu sijamaliza kipindi kimoja darasani. Siku hizi ni mwalimu wa matundu ya vyoo."

Alicheka, lakini alikuwa amekonda. Nilimweleza yangu yote. Akafikiri kidogo, akaniambia nichukue nafasi, kisha kazi ile nimwachie mwalimu mkuu msaidizi: yeye aingie kwa mkwe wangu, yeye aandike, yeye aseme, mimi niwe nimesafiri. Ulikuwa ushauri mtamu. Niliutafuna njiani kote hadi daraja la Korogwe, na hapo ukaanza kuwa mchungu. Kijiji kizima kingejua mkono ulikuwa wa nani. Mke wangu angejua kabla ya kijiji. Na mama mwenyewe, aliyenifundisha kazi, angejua kwamba nilikimbia. Nilifika nyumbani nina vumbi na hasira zaidi ya nilivyoondoka, nikaanza kutengeneza mlango wa banda la kuku ambao haukuwa mbovu.

Juma la mwisho kabla ya shule kufungwa nilikuwa nimekwishaamua kukataa. Sikufikia uamuzi huo kwa hekima, nilichoka tu. Nilimwambia mke wangu, akanishika bega, akashukuru, na usiku ule alilala usingizi mzito. Mimi nilihesabu boriti.

Kesho yake, saa ya chai, mwalimu wa darasa la nne akaja mlangoni kunitafuta. Safari hii hakuwa anacheka. "Mkweo anaomba uingie darasani kwake kipindi kinachofuata," akasema. "Anasema uje utazame."

Nilidhani anataka kunionyesha kwamba bado anaweza. Moyo uliniuma, lakini ningemkatalia vipi? Niliingia kabla yake. Kulikuwa na kiti cha mgeni kimewekwa karibu na mlango, mbele kabisa, mahali ambapo angelazimika kunipita. Haya zikanishinda. Nikaenda zangu nyuma, pembeni ya dirisha, nikajibana kwenye dawati la watoto magoti yakigusa kidevu.

Akaingia. Aliandika ubaoni akipima mstari kwa kiganja cha mkono wa kushoto, na mwandiko ulikuwa umenyooka kuliko wangu. Kisha akawageukia watoto akawaambia leo wana mgeni, wasimame wamwamkie. Watoto wakasimama, wakageuka nyuma, wakanitazama mimi, wakasema shikamoo mwalimu. Yeye aligeukia mlangoni. Aliinama kidogo, akashusha macho kama ilivyo desturi yetu, akakiambia kile kiti kitupu, "Karibu, mkwe. Utusamehe kwa vumbi."

Watoto walikitazama kiti, wakamtazama mwalimu wao, wakanigeukia mimi, kuona nani atasema nini. Sikufikiri. Nilivua viatu, nikanyanyuka, nikanyata kando ya ukuta hadi pale mlangoni, nikakaa kwenye kile kiti, na kutoka pale nikajibu, "Ahsante, mama. Nimekaribia." Mtoto mmoja alicheka, akajiziba mdomo.

Akafundisha. Waliimba silabi, wakaitikia, wakasoma kwa sauti nzuri. Nilitazama midomo yao na macho yao, na macho ya wengi hayakuwa kwenye kitabu. Kipindi hakijaisha akawatoa nje wakacheze. Tukabaki wawili, mlango wazi, yeye mbele ya ubao na mimi kitini, soksi miguuni, na kwa mara ya kwanza tangu harusi yangu akasema nami bila mtu wa katikati.

"Ulikuwa umekaa dirishani," akasema.

Nikasema ndiyo.

"Nilisikia unanyata. Na watoto wote wamekuona unanyata." Alijifuta chaki kiganjani. "Kiti nilikiweka mimi. Nilitaka nijue ukishaona kwamba sioni utafanyaje. Sasa mkwe nimemsikia, amenistahi, Mungu ambariki. Mwalimu mkuu yuko wapi?"

Nilianza kusema kwamba hakuna mwalimu mkuu, kwamba nimeamua kukataa. Akanikatiza. Alisema binti yake amekwishamwambia, amekuja mbio na furaha kumpa habari hiyo kama mtu anayeleta zawadi, na tangu hapo hajalala. Alisema mwaka juzi alikwenda mara mbili hadi mlango wa ofisi ya mwalimu mkuu ili aseme mwenyewe, akarudi. Mara ya tatu aliingia, akaishia kuomba chaki.

"Siwezi kujisemea," akasema. "Kazi hii nimeifanya tangu mama wa watoto wako hajazaliwa. Ninatafuta mtu wa kunisemea aliyewahi kula na mimi sahani moja. Wewe unataka kuniachia nani?"

Nilikuwa na hofu ya kweli. Nilimwogopa mke wangu, nikaogopa kijiji, nikaogopa sauti yangu mwenyewe itakavyotoka. Nikasimama, maana maneno yale hayasemwi mtu amekaa. Na nilifanya kitu ambacho sikuwa nimekifanya tangu siku ya posa. Niliinua macho, nikamtazama usoni. Alikuwa amezeeka. Hakuna aliyeniambia.

"Mama," nikasema, "muhula ujao hutafundisha darasa la kwanza."

"Ndiyo, mkuu," akasema.

Jioni ile nilimpigia simu afisa elimu kata. Mke wangu hakunisemesha hadi likizo ikaisha. Alilia kwa mama mdogo, Kwamndolwa, na sikumlaumu. Watu wengine kijijini hadi leo wananipisha njiani kwa namna isiyo ya heshima. Darasa la kwanza nililichukua mimi mwenyewe, juu ya kazi zote za ofisi, na yule binti wa ukurasa tukamrudisha nyuma tukaanza naye herufi moja moja. Yapo majuma ninayoona nilifanya sawa, na yapo mengine.

Lakini pale darasani, baada ya kusema vile, hakuna hata mmoja wetu aliyejua aondoke vipi. Aligeuka, akapapasa chini ya ubao hadi akapata kifutio, akaanza kufuta kazi yake, polepole, akianzia kulia. Alifuta, akashusha mkono, akadhani amemaliza. Mstari mzima ulikuwa umebaki. Mkwe mwema angetoka nje wakati huo, akatazama pengine. Nilibaki nimesimama.

"Juu kidogo, mama," nikamwambia. "Kushoto. Bado."